Tovuti ya duka yajengwa kwanza kwenye laptopu ya nyumbani

Mfanyabiashara wa Namanga au Rusumo anayetaka tovuti ya bidhaa zake mara nyingi huanza kwa kulipia seva, ndipo amtafute kijana wa kompyuta. Miezi inapita, ada inakatwa, na ukurasa bado hauna bei hata moja.

Kazi hiyo yaweza kufanyika bila kulipia seva, kwenye laptopu iliyopo, kwa kutumia Ubuntu, mfumo endeshi huria uliotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hauna ada ya leseni. Jina lake lina maana ya utu, ingawa msomaji wa Kigali au Bujumbura atakumbuka kwamba kwao “ku buntu” ni bure.

Faili la toleo la 24.04 linazidi gigabaiti 5, hivyo bando litaumia. Lakini flashi moja iliyoandaliwa yaweza kuzunguka soko zima, na ni halali. Hatari iko kwingine: anayechagua kufuta diski wakati wa kusakinisha hupoteza kila kitu, orodha ya wadeni ikiwemo. Nakala zitolewe kwanza.

Baada ya hapo, intaneti ikiwapo, fundi huandika amri mbili:

sudo apt update
sudo apt install apache2 mysql-server php libapache2-mod-php php-mysql

Apache hupokea wageni wa tovuti, MySQL hutunza bei na idadi ya mali, PHP huunganisha vyote viwili. Kivinjari kikiandikiwa “localhost” kikaonyesha ukurasa wa Apache, seva imesimama. Mafaili ya tovuti huwekwa /var/www/html, na kuanzia hapo majaribio hayahitaji bando.

Hapo ndipo mwenye mali akae na fundi. Kitenge kilichoandikwa “shilingi 5,000” ni cha Kenya au Tanzania? Tofauti hiyo yatosha kula mtaji. Bei ya faranga nayo ijaribiwe, na oda ya uongo iwekwe, kabla mteja wa kweli hajaiona.

Siku ya kuhamia seva ya kulipia, jina la tovuti lisajiliwe kwa mfanyabiashara mwenyewe, si kwa fundi, na nywila abaki nazo. Hifadhidata ihamishwe pamoja na folda. Folda ikienda peke yake, duka litafunguliwa bila bei.