Hewa Kavu Majira ya Baridi: Pima Kwanza, Maji Baadaye

Mtu anayetoka Afrika Mashariki kwenda kuishi Minneapolis au Winnipeg hupewa maonyo mengi kuhusu baridi ya nje: anunue koti zito, viatu vya theluji, glavu na kofia. Ni wachache wanaomwonya kuhusu hewa ya ndani. Minneapolis, mwezi Januari, wastani wa joto ni kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na hita hazizimwi usiku wala mchana. Baada ya wiki chache midomo inapasuka, ngozi ya miguu inapauka na kuwasha, koo linaamka limekauka, watoto wanatokwa damu puani, na kila anayeshika kitasa cha mlango anapigwa na cheche ya umeme. Ushauri unaozunguka miongoni mwa wahamiaji ni mmoja: ongeza maji, ama kwa kuchemsha sufuria, kuweka beseni juu ya hita, au kununua mashine ya kutoa mvuke. Ushauri huo umeanzia mwisho. Ukavu wa ndani huletwa na joto tunalolizidisha na mianya tunayoiacha wazi, kwa hiyo tiba yake ianze na kipimo, ifuate joto na mianya, na maji yawe ya mwisho, tena kwa kiasi.

Hewa ya baridi haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi. Katika nyuzi 10 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 2.4 hivi tu za maji, hata ikiwa imeshiba kabisa. Hewa hiyo inapopenya ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20, sasa ina uwezo wa kubeba gramu 17, ilhali maji iliyo nayo ni yale yale. Unyevu wake unashuka kutoka asilimia 100 hadi asilimia 14 hivi. Ndiyo maana utabiri wa hali ya hewa unaweza kutangaza unyevu wa asilimia 90 huku ndani ngozi zinapasuka, na ndiyo maana kufungua madirisha siku ya theluji kwa matumaini ya kuingiza unyevu huzidisha ukavu. Hewa yenye kiu huchukua maji popote inapoyakuta: kwenye ngozi, machoni, puani na hata kwenye mbao za samani.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya urembo tu, dawa yake mafuta mazito. Mafuta yanasaidia kweli, hasa yakipakwa mara tu baada ya kuoga kwa maji ya uvuguvugu, ngozi ikiwa bado na unyevu. Lakini pua na koo havipakwi mafuta. Ndani ya njia ya hewa kuna ute na vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma vumbi na vijidudu nje, na kazi hiyo huzorota ute unapokauka. Mwaka 2007 watafiti wa Mount Sinai, New York, walionyesha kwamba virusi vya mafua huambukizana kwa urahisi kati ya simbilisi waliowekwa kwenye hewa kavu, na maambukizi hayo yalikoma hewa ya joto lile lile ilipofikishwa unyevu wa asilimia 80. Mwaka 2019 watafiti wa Yale waliona kwamba panya waliokaa kwenye hewa kavu walishindwa kusafisha njia zao za hewa sawasawa, na waliumwa zaidi walipopata mafua. Wanyama wa maabara si binadamu, na unyevu hauchukui nafasi ya chanjo. Hata hivyo ushahidi huo unatosha kutuzuia kulidharau jambo hili.

Je, kama ukavu unadhuru, kwa nini tusiifanye nyumba iwe na unyevu kama wa Mombasa au Dar es Salaam? Kizuizi ni vioo vya madirisha. Chumba chenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 kitatoa jasho kwenye kila kitu kilicho chini ya nyuzi 12, na wakati wa baridi kali kioo hushuka chini ya hapo kwa urahisi. Maji yanatiririka hadi kwenye fremu na ukuta, kisha kuvu hujitokeza pembeni, nyuma ya kabati na chini ya godoro lililolazwa sakafuni. Unyevu mwingi hustawisha pia utitiri wa vumbi, na kuvu na utitiri wote ni maadui wa mwenye pumu. Ndiyo sababu mamlaka ya mazingira ya Marekani inapendekeza asilimia 30 hadi 50 ndani ya nyumba. Kwenye baridi kali, 30 hadi 40 inatosha, na kioo kikianza kulia maji, teremka.

Hapo ndipo kipimaunyevu kinapokuwa na thamani. Ni kifaa kidogo cha bei nafuu, kinachowekwa mezani mbali na hita na dirisha. Kinahitajika kwa sababu nyumba hazifanani. Familia ya watu sita katika nyumba ndogo isiyopitisha hewa, inayopika maharage na kuanika nguo ndani, inaweza kuwa tayari na unyevu wa kupindukia huku ikiulaumu ukavu. Mtu anayeishi peke yake katika nyumba kuukuu yenye milango isiyoshika anaweza kusoma asilimia 15. Ushauri mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili.

Kipimo kikionyesha ukavu, punguza joto kwanza. Hewa yenye unyevu wa asilimia 27 katika nyuzi 24 itasoma asilimia 35 hivi ikipozwa hadi nyuzi 20, bila kuongezwa tone la maji. Halafu ziba mianya ya madirisha na milango, kwani kila upepo unaopenya huleta hewa kavu mpya. Mpangaji atasema joto la jengo lake huendeshwa na mwenye nyumba. Ni kweli, lakini hita nyingi za ukutani zina vali ya kupunguzia, na kumwomba mwenye nyumba azibe dirisha linalovuja ni haki, si usumbufu. Usizibe kamwe tundu la kutolea moshi wa tanuri la gesi, wala usiwashe jiko la mkaa ndani kutafuta joto, maana kaboni monoksidi haina harufu na inaua.

Maji sasa yana nafasi yake. Nyumba ya mita za ujazo 175, ambayo nusu ya hewa yake hubadilika kila saa, huhitaji zaidi ya lita saba kwa siku kutoka asilimia 14 hadi 35. Sehemu ya maji hayo hutokana na pumzi, mapishi na kuoga, lakini beseni juu ya hita haliwezi kufidia pengo lililobaki, na sufuria inayochemka ni hatari kwa watoto. Mashine hufanya kazi hiyo vizuri ikisafishwa mara kwa mara na kujazwa maji mapya kila siku, na zile zinazorusha ukungu baridi hufaa kujazwa maji yaliyotoneshwa ili zisitawanye vumbi la madini. Usitie dawa yoyote ya kuua vijidudu ndani ya maji yake. Mwaka 2011 Korea Kusini iligundua kuwa dawa za namna hiyo ndizo zilizosababisha maradhi ya mapafu yaliyoua watu wengi, wakiwamo wajawazito na watoto wadogo. Basi kabla ya kununua mashine yoyote, nunua kipimaunyevu, kisome kwa wiki nzima, ndipo uamue.