Mtoto wa Kambini na Santuri ya "Murmur"

Wapiganaji wetu wanaujua vyema muziki wa gwaride, na wanaujua pia muziki wa dansi wa Jumamosi usiku katika mabwalo yetu. Leo twapenda kuwaeleza juu ya muziki wa namna nyingine, ule wa roki uitwao mbadala, kwa kuwa mmoja wa waliouasisi ni mtoto wa kambini.

Michael Stipe alizaliwa mwaka 1960 katika jimbo la Georgia, Marekani. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na kila uhamisho ulipotoka familia nzima ilifungasha mizigo. Walipata hata kuishi Ujerumani. Wasomaji ambao watoto wao wamebadili shule mara tatu kabla ya kumaliza darasa la saba hawana haja ya kuelezwa maisha hayo. Katika mji wa Athens, Georgia, kijana huyo alikutana na Peter Buck, muuza santuri dukani, kisha na Mike Mills wa besi na Bill Berry wa ngoma. Mwezi Aprili 1980 walipiga kwa mara ya kwanza hadharani, ndani ya kanisa kuukuu. Bendi yao ikaitwa R.E.M.

Ilipowadia zamu ya santuri yao kubwa ya kwanza, kampuni ya I.R.S. iliwapa mtayarishaji, Stephen Hague, fundi aliyetaka kila pigo liwe sawasawa kama saa. Alimrudisha Berry mwanzo tena na tena kwa wimbo mmoja, kisha akaongeza vinanda vya umeme. Sisi tuliopitia uwanja wa gwaride twaijua adha ya kurudishwa mwanzo. Lakini gwaride ni gwaride na muziki ni muziki, na wimbo ule ulikuwa ukipoteza uhai. Vijana hawakugoma wala kutoroka. Waliiomba kampuni iwaruhusu kurekodi na Mitch Easter, waliyewahi kufanya naye kazi. Walikuwa bendi changa isiyo na jina, nao walikuwa wakiikataa kazi ya mtu aliyeletwa na wenye fedha. Kampuni ikakubali, ila kwa wimbo mmoja wa majaribio kwanza. Waliposikia matokeo, wakubwa wakatoa ruhusa.

Kazi ilifanyika mapema mwaka 1983 huko Charlotte, North Carolina, Easter akisaidiana na Don Dixon. Sauti ya Stipe imewekwa nyuma ya vyombo, maneno yamemezwa nusu, na hadi leo wasikilizaji hubishana kuhusu alichosema. Jina lenyewe la santuri lina maana ya mnong'ono. Kwa maoni yetu hiyo ni kasoro, maana mwimbaji ni mjumbe, na ujumbe hauna budi kufika. Hata hivyo gita la Buck, lenye kulia kama kengele, latufidia.

Santuri ilitoka Aprili 1983. Katika orodha ya mauzo ya Marekani haikupita nafasi ya 36, lakini wahakiki wa jarida la Rolling Stone waliichagua kuwa santuri bora ya mwaka. Berry aliiacha bendi mwaka 1997. Wenzake watatu wakaendelea hadi mwaka 2011, walipoivunja kwa hiari yao.