Utani wa Bendi za Vyuo Marekani

Kila mwaka, bendi ya Chuo Kikuu cha Stanford, California, humteua mwanafunzi mmoja awe mti. Wanaoitaka nafasi hiyo hushindana kwa vituko mbele ya wenzao, na mshindi hujitengenezea vazi lake mwenyewe. Chanzo chake ni mzaha. Chuo kiliacha nembo ya Mhindi Mwekundu mwaka 1972, na miaka mitatu baadaye bendi ikapendekeza warithi wa ajabu, wakiwemo chipsi na mti. Watu wakaupenda mti. Hadi leo si nembo rasmi ya chuo. Ni mwanabendi tu.

Bendi nyingi za vyuo vya Marekani hufuata gwaride la kijeshi, kila hatua imepimwa. Chache, kama za Stanford, Rice na Columbia, zilichagua njia nyingine: wapigaji hutawanyika mbio, kila mtu na upande wake, mpaka umbo jipya litokee uwanjani, huku mtu kwenye kipaza sauti akisoma vichekesho. Asiyejua ala hafukuzwi. Columbia kulikuwa na kikosi kizima cha kupiga vitu ambavyo si ala.

Utani mtamu zaidi humlenga mwenye nguvu. Mwaka 1973, mjini Houston, katika mechi ya mpira wa Kimarekani, bendi ya Rice iliwaigiza wanafunzi wa Texas A&M, chuo kinachojivunia kikosi chake cha makadeti, kwa kuandamana kijeshi kupita kiasi. Kisha ikachora uwanjani umbo la bomba la kuzimia moto kwa heshima ya Reveille, mbwa mpendwa wa wapinzani. Rice ikashinda 24 kwa 20. Mashabiki waliokasirika waliizingira bendi uwanjani, ikabidi itoroshwe ndani ya malori ya chakula. Kisa hicho kinasimuliwa mpaka leo, na kinastahili.

Mwaka 1982 Stanford wenyewe wakageuka kichekesho. Wakidhani mechi na Chuo Kikuu cha California imekwisha, wanabendi waliingia uwanjani mpira ukiwa bado unachezwa. Mchezaji aliyefunga bao la ushindi akamgonga mpiga tromboni, Gary Tyrrell. Stanford ilifungwa 25 kwa 20. Lakini kila inapolirudisha shoka linaloshindaniwa na vyuo hivyo, matokeo yaliyoandikwa kwenye ubao wake hubadilishwa yasomeke kuwa Stanford ilishinda 20 kwa 19.

Utani huo hupotea njia unapomkanyaga aliyekwisha kuumia. Mwaka 1997 bendi hiyohiyo ilidhihaki njaa kuu ya Ireland mbele ya timu ya chuo cha Notre Dame, na Stanford ikalazimika kuomba radhi. Hakukuwa na cha kuchekesha pale.

Columbia, tangu 1975, bendi ilikuwa ikivamia maktaba usiku wa kuamkia mtihani wa kemia ya kaboni, ikiwachekesha waliokuwa wakikesha na vitabu. Mwaka 2016 chuo kiliizuia kuingia humo. Mwaka 2020, baada ya tuhuma za ubaguzi na unyanyasaji wa kingono, wanabendi wenyewe waliivunja bendi yao. Walifanya uamuzi sahihi.