Mke Wangu Asema Nafuga Maji

Tangi langu la kwanza, lita 200, nililijaza mawe ya matumbawe kutoka baharini. Yalikuja na bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali. Lakini usiku nilisikia ta! ta! Tunduni alijibanza mdudu wa jamii ya kamba, mwenye mikono ya kupiga kama nyundo. Hadi namnasa, samaki wawili hawapo.

La pili nimeweka mawe ya saruji, niliyoyafinyanga mwenyewe karaini. Niliyaloweka majuma sita nikibadilisha maji, maana saruji mbichi huyatia maji alkali. Sasa nasubiri bakteria wazaliane. Tangi bado halina hata samaki mmoja.