Kwa Nini Mimba Haishiki? (Sehemu ya Pili)

Mwaka 1977, wanaume waliokuwa wakitengeneza dawa ya kuua minyoo ya mizizi katika kiwanda kimoja mjini Lathrop, California, walianza kuulizana jambo ambalo wanaume huona haya kulizungumza: mbona hakuna mwenzetu anayepata mtoto? Walipopimwa, baadhi walikutwa na mbegu chache mno, wengine hawakuwa nazo kabisa. Chanzo kilikuwa DBCP, kemikali waliyoishika kila siku kazini. Mwaka 1979 Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yake yote, lakini vibarua wengi wa mashamba ya migomba nchini Costa Rica nao walikuwa wameshadhurika.

Wanaume wale walikuwa na afya, na nguvu zao za kiume hazikuwa zimepungua. Nguvu za kiume na uwezo wa kutungisha mimba ni vitu viwili tofauti.

Sehemu ya kwanza ilieleza kwamba wenza huhesabiwa kuwa na tatizo wanapokutana mara kwa mara kwa miezi 12 bila kinga na mimba isishike. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia hali hiyo maishani. Sehemu hii inaanza na mume kwa makusudi, kwa kuwa katika takriban nusu ya wenza hao kasoro iko kwake, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Korodani huning'inia nje ya mwili kwa sababu mbegu huhitaji ubaridi kidogo. Mishipa ya damu inayozizunguka ikivimba, joto huongezeka na mbegu hudhoofika. Hiki ni kisababishi cha kawaida, na mara nyingi hutibika. Matumbwitumbwi yanayompata mtu baada ya balehe huweza kuziharibu korodani. Sigara na pombe nyingi nazo hupunguza ubora wa mbegu. Vijana wanaojidunga testosteroni ili kutunisha misuli wamo hatarini pia: homoni ikiingizwa kutoka nje ya mwili, ubongo huacha kuziamuru korodani zifanye kazi.

Kwa mwanamke, mirija ya uzazi ina historia nzito, hasa Afrika. Klamidia na kisonono hupanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija na kuacha makovu. Klamidia ni ya hatari zaidi kwa ukimya wake: wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutolewa kwa njia isiyo salama huleta madhara yaleyale. Daktari Lars Weström na wenzake, waliowafuatilia wanawake wa Lund, Sweden, kuanzia mwaka 1960, walikuta kwamba kati ya waliougua maambukizi ya mirija mara moja, takriban asilimia 8 walishindwa kushika mimba kwa kuziba kwa mirija. Kati ya waliougua mara tatu au zaidi, ni asilimia 40. Mirija iliyoziba ndiyo iliyomzuia Lesley Brown wa Uingereza kwa miaka tisa, hadi alipomzaa Louise mwaka 1978, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa maabara.

Kuna pia yai lisilopevuka. Hedhi inayopotea miezi miwili au mitatu, chunusi na ndevu huashiria homoni zisizo na mizani. Maumivu makali ya hedhi ambayo mtaani huitwa chango huenda yakawa endometriosi, tishu zinazofanana na utando wa kizazi kuota nje yake. Madhara ya uvimbe wa kizazi hutegemea ulipo: ulioingia ndani ya chumba cha mimba husumbua zaidi. Umri nao una uzito, hasa baada ya miaka 35, ambapo mwanamke hashauriwi kungoja zaidi ya miezi 6 kabla ya kupimwa.

Bado wake wengi hupigwa picha ya mirija, tena yenye maumivu, kabla mume hajatoa hata sampuli moja ya manii. Sehemu ya tatu itaeleza vipimo hivyo na mpangilio wake, kuanzia na kile cha mume.