Ushirikiano wa Utafiti na Uendelezaji katika Tasnia ya Kahawa: Mfano wa Nyanda za Juu za Kigoma

Ushirikiano wa utafiti na uendelezaji ni utaratibu ambao makampuni na vyama vya tasnia zinazotegemeana huchangia gharama za utafiti na kutumia matokeo yake kwa pamoja. Makala hii inafafanua sababu na mipaka ya ushirikiano huo kwa kutumia mfano wa kahawa.

Mkulima, mkoboaji na msafirishaji wa kahawa nje ya nchi hufanya biashara tofauti, lakini wote hutegemea zao moja. Chulebuni huozesha matunda na kutu hupukutisha majani. Hapo kinu hukosa kahawa ya kukoboa na msafirishaji hukosa shehena. Hata hivyo, ni vigumu kwa kampuni moja kugharimia peke yake utafutaji wa aina zinazostahimili magonjwa hayo. Kazi hiyo huchukua miaka mingi, na mche ukishafika shambani, asiyechangia naye hunufaika.

Kwa sababu hiyo, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) iliundwa kama chombo cha wadau. Ilianza kazi mwaka 2001 ikiwa na makao yake Lyamungu, Kilimanjaro, katika kituo kilichoanza utafiti wa kahawa mwaka 1934. Miongoni mwa matunda yake ni aina chotara za Arabika zinazostahimili chulebuni na kutu. Mkoa wa Kigoma huhudumiwa na kituo kidogo cha Mwayaya, Buhigwe.

Mipaka ya ushirikiano huo ni miwili. Kwanza, mchango unaotozwa kwa kiasi cha kahawa iliyouzwa hupungua mavuno yanapopungua, yaani wakati ambapo utafiti unahitajika zaidi. Pili, ushirikiano hugawa gharama za kugundua, si gharama za kupokea ugunduzi. Chotara huzalishwa hasa kwa vikonyo, hivyo mkulima wa mbali, kwa mfano wa Gwarama wilayani Kakonko, hutegemea kitalu kilicho karibu. Aking'oa mibuni yake mikongwe, hukaa takribani miaka miwili hadi mitatu bila mavuno, ilhali ada za shule na mahitaji ya kaya havisubiri.

Kwa hiyo, ushirikiano wa utafiti hukamilika pale tu wadau wanapochangia pia vitalu na gharama za kipindi hicho cha kusubiri. Bila hivyo, matokeo ya utafiti yatabaki kituoni.