Kabla Hujakubali Kompyuta Yako Iformatiwe

"Papa Direkta, hii mashine ina virusi. Tuiformati tu."

Katika vibanda vya kupiga chapa na fotokopi vya Kasongo na Kabambare, huku Kongo, hukumu hii hutolewa haraka mno. Laptop inazima kila baada ya dakika chache: ina virusi. Neno la siri linakataliwa: virusi. Saa imerudi nyuma miaka kumi: virusi tena. Mteja analipa dola zake, Windows inawekwa upya, na jioni anapofungua mashine nyumbani anakuta orodha za wanafunzi, matokeo ya mitihani na picha za harusi ya mdogo wake vimekwenda na maji. Naandika kupinga desturi hii, kwa sababu kazi nyingi ya watu inapotea kwa ubovu ambao ungetengenezwa kwa nusu saa bila kufuta chochote.

Virusi vipo, hilo halina ubishi. Wapo wanaodhani kwamba kompyuta isiyoguswa na intaneti iko salama, na kwa kuwa huku intaneti ni ya simu, tena ya kusuasua, wanalala usingizi. Mwaka 2010 dunia iligundua virusi vilivyoitwa Stuxnet, vilivyoharibu mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Mitambo ile haikuwa imeunganishwa na intaneti. Inaaminika virusi viliingia ndani kwa kle ya USB, na vilitumia kasoro ya Windows katika kusoma faili za njia ya mkato, zile zenye mshale mdogo pembeni.

Mshale huo kila mwenye kibanda anaujua. Kle inatoka shuleni, inapita kwenye mashine ya parokia, inaingia kwa mpiga chapa sokoni, inapanda pikipiki hadi Salamabila, na kila inapochomekwa inaacha kitu na kuchukua kitu. Zamani misafara ya kutoka Ujiji kwenda Kasongo ilipita Kabambare. Leo faili zetu nazo husafiri hivyo hivyo, kutoka mkono hadi mkono. Siku moja unafungua kle yako na kila folda imegeuka njia ya mkato. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, lakini kwa kubofya huko umevipa virusi ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta.

Hapo ndipo watu huformati kle, na ndipo hasara inapotokea bure. Mara nyingi faili hazijaenda popote: virusi vimezificha tu na kuweka mishale bandia mahali pake. Usibofye chochote. Tazama kle imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua lile dirisha jeusi la amri, kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, kisha andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri kidogo, kisha fungua kle upya kwa kupitia orodha ya diski. Folda zako zitaonekana, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili nyaraka zako, futa mishale, halafu ichunguze mashine yenyewe kwa programu ya kuzuia virusi, la sivyo kle itaambukizwa tena dakika hiyo hiyo. Kwenye kibodi ya AZERTY ule mkwaju ulioinama kinyume hupatikana kwa kushika AltGr na kubonyeza 8. Nimeona watu wakiacha kazi katikati kwa kuukosa.

Tukiwa kwenye kibodi, tuseme na hili la neno la siri. Mashine nyingi zinazofika huku zimeshatumika kwingine, na Windows zake zina lugha mbili au tatu. Mtoto akibonyeza Alt na Shift kwa pamoja, mpangilio wa kibodi unahama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kuanzia hapo A inaandika Q, Z inaandika W, na M haiko mahali pake. Mwenye mashine anaandika neno lake la siri kwa usahihi kabisa na linakataliwa kila mara. Tazama pembe ya chini kulia: ukiona ENG badala ya FRA, bofya hapo urudishe. Bofya pia alama ya jicho, kama ipo, uone herufi unazoandika. Mtu anaweza kupoteza diski nzima kwa ajili ya jambo hili dogo.

Kisa cha saa nacho kinawatesa wengi wenye kompyuta za mezani. Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3, ambayo hufanya saa iendelee wakati umeme haupo. Ikiisha, kompyuta inayokatiwa umeme kila usiku huamka asubuhi ikiwa na tarehe ya zamani. Mtu anaunganisha intaneti ya simu, na kila tovuti anayoifungua inamjibu kwamba muunganisho si salama. Anashtuka, anaamini ameingiliwa. Sababu yake ni kwamba kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Kama saa inasema 2012, cheti cha mwaka huu kinaonekana hakijaanza kazi. Sahihisha tarehe na tovuti zitafunguka. Kisha nunua betri mpya. Baadhi ya mizani ndogo za wanunuzi wa dhahabu hutumia betri hiyo hiyo, kwa hiyo upande wa machimbo ya Namoya si kitu kigeni.

Laptop inayozima yenyewe ikishapata moto ichunguzwe feni kwanza. Vumbi letu jekundu linaziba matundu ya hewa, na mashine hujizima ili isiungue. Fungua, safisha kwa brashi laini huku umeshika feni isizunguke. Umeme wa jenereta nao una hila zake: wakati wa kuwaka na wakati wa kuishiwa mafuta, volti hupanda na kushuka. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke kompyuta. Na chomoa kabla hujaizima. Chaja za laptop kwa kawaida huvumilia kuanzia volti 100 hadi 240, lakini kompyuta ya mezani inahitaji regulata. Na ukisafiri kwa pikipiki, zima laptop kabisa, usifunge kifuniko tu. Diski ya kuzunguka ikiwa inafanya kazi kwenye mashimo ya barabara ya Kasongo, sindano yake inaweza kukwaruza sahani, na hapo hata fundi bingwa hana la kufanya.

Tuseme sasa umekubali ikaformatiwa. Umepona? Mara nyingi fundi huweka Windows isiyo na leseni, na programu ya kuvunja kufuli ya leseni hudai kinga ya virusi izimwe kwanza. Kinga haiwashwi tena. Unarudi nyumbani na mashine safi isiyo na mlinzi, na kle ya kwanza inayoingia inaimaliza. Mwambie fundi awashe kinga iliyomo ndani ya Windows mbele ya macho yako. Masasisho yake yanaweza kupakuliwa kama faili moja kutoka tovuti ya Microsoft na kubebwa kwa kle hadi kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Kwa nyaraka, LibreOffice ni ya bure, inafungua faili za Word, na haihitaji kuvunja kufuli ya mtu. Ujue pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Kama yako ni mojawapo, usiitumie kwa mambo ya fedha.

Simu nayo ina hatari zake: kabla ya kuipeleka kwa fundi, toa kadi ya SIM. Mwenye SIM yako ndiye anayepokea msimbo wa tarakimu 6 wa WhatsApp, na ndiye anayekaribia akaunti yako ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp leo hii, na namba ya siri ya pesa usimtajie hata mhudumu wa kabine ya pesa za simu unayemwamini. Kongo ina sheria yake ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inaadhibu wanaoingilia mifumo ya wengine. Lakini sheria hairudishi picha zilizofutwa.

Kinachorudisha ni nakala. Uwe na kle mbili: moja ya kwenda kwa mpiga chapa, isiyobeba kitu kingine, na nyingine ya akiba, isiyoingia kamwe kwenye mashine ya mtu. Hiyo ya akiba iweke mbali na kompyuta, ikiwezekana kwa ndugu. Watu wa Salamabila waliowahi kuhama makwao usiku wanajua kwamba kompyuta ya mezani haibebeki, lakini kle inaingia mfukoni.

Nanyi mafundi, nawaomba hili: kabla ya kuformati mashine ya mtu, nakilini kazi yake kwenye diski nyingine na mumwonyeshe kwamba inafunguka. Mteja naye akikuta fundi anakataa kufanya hivyo, achukue mashine yake aende kwa mwingine.